Alama ya Lachie kwenye GPS

Gaz, mjinga wa leo ni Lachie, na amekiri mwenyewe kabla sijaanza kumtania.

Tulikuwa na kayaki zetu mdomoni mwa kijito, maji yanakupwa, kina hakifiki kiunoni. Kile kifaa chake kipya cha kuonyesha samaki kikachora kitu kirefu kimelala chini yake. Kirefu, Gaz. Akaninong'oneza, "Damo, huyu ndiye barramundi wa maisha yangu."

Nikamjibu, "Samaki gani, hata awe barramundi, analingana na kayaki?"

Unajua alichofanya? Akashika ile GPS anayoivaa shingoni, akaweka alama asije akapapoteza mahali penyewe, ndipo akatupa chambo.

Yaani aliweka alama kwanza.

Kamba haikuvutwa. Kilichoinuka ni kayaki. Mamba aliing'ata mkiani, ikapasuka kama biskuti. Nilipomfikia Lachie alikuwa anatambaa kwenye tope la mikoko, chaza wamemchana mguu, anamwita mama yake. Mama yake tulimzika mwaka juzi, Gaz.

Sasa tuko jikoni kwake. Mkewe Bronwyn anamfunga mguu kwa shida, maana tumbo la ujauzito limeshamtangulia. Na huyu bwana, hata pumzi haijamrudia, anasema, "Kesho naifuata kayaki yangu. Alama si ninayo?"

Nikamwambia ana wazimu. Akabisha. Nikabisha.

Bronwyn hakuinua hata macho. "Nenda, mpenzi. Ila GPS niachie, niwaonyeshe polisi pa kuanzia kukutafuta."