Gitaa la Kamau Haliendi Ol Kalou

Dada yangu Wangari,

Barua hii imetoka kwa mtu mkubwa, kwa hivyo ishike na mikono miwili. Hapa Thika, nikikosa kazini siku moja tu kwa kile kiwanda cha nguo, nusu ya Kenya itatembea bila shati. Uliza mtu yeyote. Mimi ni mzima kama trekta. Na wewe, mguu umepona? Yule ng'ombe mweusi alizaa?

Sasa tuongee. Umeandika ati nimrudishe kijana wako Kamau huko Ol Kalou akamue ng'ombe, kwa sababu umesikia bendi yake imeharibika. Nimekataa. Wacha nikuambie mambo ya Jumapili pale ukumbini Ruiru, na mimi nilikuwa mbele kabisa, kiti cha wageni wa heshima.

Zamani walikuwa wanapiga zile nyimbo laini za harusi. Siku hizi ni roki. Kamau ana kisanduku anakikanyaga na mguu, gitaa linanguruma. Alipokikanyaga tu, mbwa wote wa Kalimoni walibweka na kuku wa Witeithie wakaingia kulala saa tisa mchana. Vijana wa Mwiki wakaruka juu ya viti. Lakini wakubwa walikasirika. Baba Ciku, muuza nyama, akasimama: "Hii ni bendi ama ni posho mill ya kusaga mahindi? Tupigieni zile za zamani!" Mama mmoja akavua viatu akavionyesha jukwaani: "Nimevaa hivi vya kudansi! Hii nitaidansi na nini, na gambuti za shambani?"

Watu wakacheka. Kamau akainamisha kichwa, akaanza kuchomoa waya wa gitaa. Ai! Nikapanda juu ya benchi.

"Nani hapa anajua kelele kunishinda?" nikawauliza. "Nimesimama katikati ya mashine za kufuma kabla nyinyi hamjanunua redio. Kelele naijua. Hii si kelele!"

"Wewe ni mjomba wake," Baba Ciku akasema. "Hata akikohoa utasema ni wimbo."

"Akikohoa atakohoa kwa ufundi! Wewe kata nyama!"

Kamau akanijia pale ukingoni mwa jukwaa. "Anko, labda mama amesema ukweli. Nirudi tu nyumbani."

"Chomeka hiyo waya," nikamwambia.

Akachomeka. Akaimba wimbo mpya, ule aliniambia amekutungia wewe. Alipomaliza Baba Ciku alikuwa amevua kofia, na yule mama analia, viatu bado viko mkononi. Sasa niambie huyo ni mtu wa kurudi kukamua! Harudi. Tafuta mtu mwingine wa ng'ombe.

Msalimie shemeji, mwambie ua aliojenga usimame mpaka nije nimwonyeshe ua unajengwa vipi. Msalimie cucu, nyanya wa watoto, na yule binamu fundi wa baiskeli.

Lakini Wangari, hili libaki letu. Sisi wa kiwandani huziba masikio na pamba, na Jumapili nilikuwa nimeziba yote mawili tangu mwanzo, maana hiyo roki inaniumiza kichwa. Maneno ya watu niliyasoma midomoni, vile tunaongea kiwandani mashine zikinguruma. Lakini Kamau akiimba, maikrofoni inamziba mdomo. Huo wimbo wako sikusikia hata neno moja. Njoo uusikie, halafu uniambie huo wimbo unasemaje, kwa sababu kijana ananiuliza kila jioni ni wapi kwenye wimbo palinifurahisha zaidi.

Kaka yako asiyeshindwa,
Ndung'u