Kombe Nisiloliamini

Jumatatu, 15 Septemba

Mazoezi ya mpira wa kikapu saa kumi. Mipira miwili, mmoja unavuja. Tunadunda, tunapiga pampu, tunadunda tena. Ufa chini ya goli la mashariki umefika mstari wa adhabu. Nimeandika barua ya saruji mara tatu tangu mwaka jana. Sasa nashuku hakuna anayezisoma.

Keshokutwa tunapanda Newala, mashindano ya vyuo vya kanda. Miaka sita nimepeleka timu, miaka sita tumerudi Masasi bila kushinda hata mechi moja. Mkuu wa chuo ametupa Kosta, basi dogo la chuo, irudi Ijumaa asubuhi. Mashindano yanaisha Jumamosi. Sikuuliza. Nimemwelewa.

Wachezaji wanane. Nahodha ni Rashidi, wa Makote, mwaka wake wa mwisho. Mrefu, mkimya, hakosi mitupo ya adhabu. Wateuzi wa timu ya kanda huja siku ya fainali tu, kwa hiyo hawajawahi kumwona mchezaji wangu hata mmoja. Rashidi anaitaka sana hiyo timu ya kanda. Hajasema, lakini wiki nzima anabaki uwanjani peke yake mpaka jua linazama. Nikapita nikajiuliza anataka kunionyesha nini.

Mwanangu Neema anasema mimi nikipewa zawadi naigeuza kwanza kutafuta tundu. Mtoto ana mdomo. Lakini zawadi nyingi zina tundu.

Jumatano, 17 Septemba

Newala. Ukungu asubuhi, upepo mchana, baridi inaingia mpaka kwenye magoti. Tunalala madarasani. Ndoo moja ya maji kwa watu watatu.

Tumeshinda. Arobaini na nane kwa arobaini na moja.

Sijafurahi. Nataka kufurahi na siwezi. Wale wenzetu walifika saa tano, wakacheza saa nane, na vumbi la safari bado liko shingoni. Tumewafunga watu waliochoka. Vijana wakacheza ngoma juu ya madawati mpaka moja likavunjika mguu. Niliwaambia wasijidanganye, hiyo ni bahati. Ngoma ikaisha hapo hapo.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumeshinda tena. Kwa pointi kumi na moja.

Hapa kuna kitu. Timu yangu haimfungi mtu pointi kumi na moja. Wapinzani hawakuchelewa, hawakuumwa, walikula vizuri kutuzidi. Nimetafuta sababu mchana kutwa. Mwamuzi alinisalimia kabla ya mechi, "Shikamoo Mama Neema." Jina la mwanangu kalijuaje? Nikamtazama mchezo mzima badala ya kutazama mpira. Baadaye nikakumbuka nilimfundisha hesabu, akapata tisini. Basi si yeye.

Mkuu alipiga simu kuuliza kama gari linarudi kesho. Nikamwambia tuko nusu fainali. Kisha akauliza tena kama gari linarudi kesho.

Jioni nikawaambia vijana: bahati mara ya pili, msizoee. Rashidi aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nusu fainali, na mabingwa wa miaka mitatu. Timu ya Mwalimu Chilumba.

Chilumba ni mtani wangu wa ukoo. Tulipomzika baba kule Lulindi, alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka tukampa jogoo. Kasisi alisubiri na kitabu chake mkononi. Mbele za watu ananiita mke wangu, na mimi naitika na kumtukana. Hakuna kukasirika. Mtani hakasirikiwi.

Tumeshinda kwa pointi mbili. Mitupo miwili ya adhabu, Rashidi, sekunde za mwisho. Uwanja mzima umesimama, na yeye anadunda mpira taratibu kama anapepeta mahindi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Chilumba akavuka uwanja anapiga kelele: "Mke wangu, nimekuachia! Unazeeka, nikaona usife hujashika kombe!" Watu wakacheka mpaka meza ya waandika pointi. Nikacheka na mimi. Nikamwambia asante, leo ndiyo mara yake ya kwanza kumtunza mke.

Hiyo ilikuwa saa kumi. Sasa ni saa kumi na mbili na sicheki tena.

Mtani akisema uongo unacheka. Akisema kweli unacheka pia, na hapo ndipo pabaya. Siwezi kumfuata na uso mkavu nikamuuliza. Nitakuwa nimevunja utani, na bado atanijibu kwa mzaha.

Lakini mfungaji wake bora, jezi namba saba, alikaa benchi robo ya tatu karibu yote na nusu ya robo ya mwisho. Kwa nini? Kocha gani anamweka nje mtu wa namna ile dhidi ya timu ambayo haijawahi kushinda kitu?

Jumamosi, 20 Septemba, asubuhi

Nimeomba kuona karatasi ya mechi ya jana. Kijana wa mezani alinitazama kama namwomba nguo zake. Namba saba alikuwa na faulo nne mapema robo ya tatu. Faulo ya tano angetolewa. Kocha yeyote angemkalisha. Mimi mwenyewe ningemkalisha.

Sawa. Lakini mtu anayetaka kuachia mechi atapata wapi kisingizio kizuri kuliko hicho?

Nilikwenda jikoni kufuata chai. Nyuma ya lundo la kuni, Rashidi na Chilumba. Wawili tu. Rashidi anazungumza, anaeleza na mikono. Chilumba anasikiliza, hacheki. Miaka ishirini sijapata kumwona yule mtu hacheki, hata kaburini alikuwa anacheka. Rashidi aliponiona akashtuka, "Shikamoo Madam," akaondoka haraka. Chilumba alifungua mdomo aseme. Nikapita kama nimeona kuni tu.

Huyu kijana hasemi na mimi maneno kumi kwa wiki. Ana lipi la kumwambia kocha wa timu tuliyoifunga jana?

Ile mitupo miwili ya mwisho. Utulivu ule. Mtu anakuwaje mtulivu namna ile kama hajui mwisho wake?

Nimeamua. Rashidi hatacheza fainali. Sitamwambia sababu. Kama kuna mchezo umechezwa, hautachezwa mara mbili mikononi mwangu. Kama nimekosea, wateuzi hawatamwona na nafasi nyingine hana, Mei anamaliza chuo. Hilo nalijua. Naliandika hapa nisije nikasema sikujua.

Jumamosi, jioni

Tumechukua kombe.

Nilisoma majina ya watano wa kuanza, la Rashidi halimo. Elia, yule mfupi wa Chiungutwa, alidhani nimeruka mstari. Nikasoma tena. Rashidi alivaa koti lake la baridi akakaa mwisho wa benchi. Hakuuliza. Hakuna aliyeuliza. Hilo nalo nikalishuku.

Mapumziko tuko nyuma pointi tisa. Rashidi akawagawia maji. Kipindi cha pili alisimama pembeni akaanza kuwaelekeza, rudi, funga kati, mwache apige huyo, mkono wake wa kushoto hauna kitu. Sauti sikuijua. Miaka miwili nilidhani hana sauti. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na mimi kocha nimesimama na kitabu changu cha michoro kama mgeni wa heshima.

Dakika mbili za mwisho, sare. Nilikaribia kumwita avue koti. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikawaza, akiingia akikosa, nitajuaje kama amekosa makusudi? Nikafunga mdomo. Elia alirusha kutoka pembeni, pointi tatu, mpira ukazunguka ukakataa kutoka. Umeingia.

Hawakukimbilia kombe. Walikwenda kumbeba Rashidi na koti lake.

Wateuzi wakasoma majina ya timu ya kanda. Elia yumo. Daudi, mlinzi wetu, yumo. Rashidi hayumo. Nilimfuata mteuzi mmoja, nikamwambia nahodha wangu je. Akapekua karatasi zake. "Nahodha yupi, mama? Hatukumwona akicheza."

Rashidi aliwapigia wenzake makofi mpaka mwisho. Nilimtazama usoni nikitafuta hila. Sikuiona. Nikajiambia ameificha vizuri.

Jumapili, 21 Septemba

Tumesubiri gari, Kosta ilisharudi Ijumaa kama ilivyoamriwa. Nilikwenda ibada ya asubuhi, sikusikia mahubiri.

Nikitoka nje, Chilumba amesimama langoni. Yeye si wa kanisani. Hakuniita mke wangu. Aliniita Mwalimu. Nikadhani kuna msiba.

Alinieleza polepole, amesimama, mikono nyuma. Vijana wangu wote wanane walikaa Ijumaa usiku wakamtuma Rashidi. Wana neno la kuniambia, na hawawezi kuniambia wenyewe, mimi ni mwalimu wao na ni sawa na mama zao. Wakasikia Chilumba ni mtani wangu. Mtani anaweza kusema lolote. Kwa hiyo Rashidi akaenda kumwomba alibebe yeye, kwa njia ya utani, mbele ya watu, baada ya fainali. Alipomwona Rashidi benchi, akaona si la utani tena. Vijana wa huku wanajua njia. Mimi niliyezaliwa Lulindi niliwaona wamesimama nyuma ya kuni, nikasahau mtani ni wa kazi gani.

Neno lenyewe: Madam aseme mara moja tu kwamba tunacheza vizuri. Asiseme bahati.

Basi. Hilo tu.

Nikamuuliza, na la Ijumaa? Akasema aliona nakagua kila ushindi kama noti ya bandia, akanitania. "Nilingoja unitukane, Mwalimu. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Sikujua kwamba vijana wako hutawaamini, halafu uniamini mimi."

Nilimuuliza mara mbili kama ananitania. Mara ya pili aliaga akaondoka.

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo: aibu.

Jumatatu, 22 Septemba

Masasi. Nilimwita Rashidi ofisini asubuhi. Nikamwambia yote bila kuzunguka: nilikuona na Chilumba, nikadhani mmepanga mechi, nikakuweka benchi kwa ajili hiyo, nimekosa, naomba radhi. Alisimama muda wote. Nilimwambia akae, hakukaa. Akasema, "Haina neno, Madam." Akauliza kama anaweza kwenda, ana kipindi cha saikolojia.

Afadhali angenipigia kelele.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa wateuzi. Orodha imeshakwenda. Nikaeleza kosa ni langu. Akasema anaelewa, ila orodha imeshakwenda. Nimeandika barua hata hivyo, nimeipeleka mwenyewe kwenye basi. Kwa mara ya kwanza sijiulizi kama itasomwa. Najua haitabadilisha kitu.

Saa sita mkutano wa chuo kizima. Mkuu alihutubia. Alisema yeye siku zote alikuwa na imani na timu hii. Watu wakapiga makofi. Kombe liko mezani kwake, ameshaweka kalamu ndani.

Walimu wenzangu wananiita bingwa. Naitika.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo vijana wamerudi mazoezini. Wote wanane. Rashidi pia, ingawa sioni tena anafanyia nini mazoezi. Alikuwa anamfundisha Elia namna ya kupinda goti kabla ya mtupo wa adhabu. Elia anaondoka wiki ijayo kwenda kambi ya kanda. Nilikaa kwenye ngazi ya bweni nikawatazama saa nzima bila kupuliza filimbi.

Wanacheza vizuri. Niseme ukweli, wanacheza vizuri sana, na walianza tangu mwezi wa saba. Mimi nilikuwa nahesabu makosa.

Jua lilipopungua niliwaita. Walikuja, wakasimama nusu duara, jasho linawatoka. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi kama mtu anayekwenda kuposa, na bado maneno yalikwama. Nikayatoa. Nikasema mechi zote nne mlicheza vizuri. Haikuwa bahati. Nyinyi ni timu nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha.

Walitazamana. Daudi alimgusa Elia na kiwiko. Mmoja akaokota mpira uliokuwa umetulia tu.

Rashidi ndiye aliyejibu, kwa adabu yake ileile. "Asante, Madam. Kwani kuna tatizo gani?"

Nikasema hakuna tatizo.

Hawakuondoka. Waliendelea kusimama pale wakiningoja niseme "lakini" iliyobaki.