Buti za Baba

Shoga Lorna, nakuandikia kabla sijavua hata viatu. Tumetoka kumsikiliza Tressa Hollin, yule mwimbaji wetu wa muziki wa kantri, hapa Nashville. Wivu unaniunguza.

Kabla ya wimbo wa mwisho akasema, "Huu nimeuandika wiki hii na Dalton, yule aliyekaa pale."

Dalton! Dalton WANGU, mchumba wangu aliyekaa kando yangu, ninayeandika naye nyimbo kila Jumanne! Wiki hii aliniambia hawezi kuja, jino linamuuma.

Tressa akaanza kuimba: "Buti za baba zimebaki mlangoni, mama hataki zisogezwe." Lorna, hizo ni buti za baba yangu! Nilimsimulia Dalton huku nalia, jinsi baba alivyoondoka akaziacha.

Unajua pale ukumbini, mtu akiimba hata kukohoa ni kosa. Mimi, mimi nisiyeweza kuagiza kahawa kwa sauti, nikaropoka, "Ni za baba yangu!" Ukumbi mzima ukanigeukia: "Shhh!"

Dalton akaninong'oneza, "Mpenzi, unaniaibisha." Eti mimi ndiye namwaibisha!

Tressa akaacha kupiga gitaa. Nikajua ananifukuza. Akauliza taratibu, "Alirudi, mdogo wangu?"

Nikatikisa kichwa: hapana.

Sasa namwonea Tressa wivu kuliko mwanzo, kwa kujua la kuuliza. Miaka miwili niko na Dalton, Lorna, na hajawahi kuniuliza hilo.