Broka Nimemchagua Mwenyewe

Shantel na Isaiah,

Maharagwe yako motoni, yaongezeni maji. Kuku wafungiwe kabla mvua haijanyesha.

Asubuhi baba yenu mdogo Protus alileta broka wa kutuuzia nyumba. Huyo broka alizunguka vyumba vyote akiongea na Protus tu. Nilipomwambia paa la jikoni linavuja, alicheka. "Mama, mnunuzi atajuaje? Paka rangi tu." Protus naye akaniambia, "Shemeji, hii wachia wanaume." Niliwapa chai, wakamaliza, nikawafungulia geti.

Nyumba hii niliijenga na marehemu baba yenu. Sitaiuza kwa uongo. Nimempigia Jeruto, yule mama broka aliyeuza nyumba ya kina Tracy hapa Amalemba. Nikamweleza habari ya paa. Akasema tutamwambia kila mnunuzi, kisha akaniuliza, "Na wewe Mama, utahamia wapi?" Nikamjibu, Shinyalu, kwa dada yangu. Hakuna mwingine ameniuliza hivyo, hata nyinyi.

~~Protus akipiga simu, msishike.~~ Shikeni, msalimieni kwa heshima. Mwambieni nimeenda kwa Jeruto kutia sahihi mkataba, yeye ndiye atakayetuuzia nyumba.

Mama yenu