Nyimbo za Geti la Bluu

Atempa, 10 Mei 1974

Kwako mdogo wangu Fidencio,

Natumaini u mzima huko Fresno na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi wazima, ila kuna jambo. Nimeliandika daftarini kwa tarehe, usije ukasema nimebuni.

Kila Alhamisi saa kumi jioni redio ya mjini husoma kadi za salamu. Tangu Februari, mara kumi na moja, mtangazaji amesema: "Kutoka kwa asiyeweza kutaja jina, kwenda kwa yule wa nyumba yenye geti la bluu." Kisha unapigwa wimbo wa mapenzi yaliyokatazwa: wawili wanapitana kanisani kama wasiojuana, busu moja limekuwa dhambi ya maisha. Mtaani geti la bluu ni letu tu. Mkeo huacha kukanda unga wa mahindi, anasikiliza, uso unamwiva. Nikamwuliza, "Griselda, nani huyo?" Akacheka: "Wifi, ungezaliwa mwanamume ungekuwa polisi."

Rudi uokoe ndoa yako.

Dada yako, Otilia

Fresno, 2 Juni 1974

Dada, shikamoo.

Mgongo afadhali. Barua yako imenichekesha, kisha nikaona aibu. Griselda hajui kusoma. Barua zangu unamsomea wewe, kwa sauti. Nitamwambiaje mke wangu ninavyomtamani kwa mdomo wa dada yangu? Ndiyo maana natuma kadi redioni. Mwache.

Mdogo wako, Fidencio

Atempa, 20 Juni 1974

Mdogo wangu, habari za kazi?

Nimefurahi, lakini sijatulia. Umetuma kadi ngapi, na lini? Nijibu kwa tarehe.

Dada yako

Fresno, 11 Agosti 1974

Dada, shikamoo. Nisamehe kwa ukimya.

Nimetuma nne tu, zote baada ya Pasaka. Hesabu yako ilininyima usingizi. Nikamwandikia mtangazaji, tuliyesoma naye. Alijibu kwamba kadi zote za geti la bluu huzisoma kwa maneno yaleyale; jina la mtumaji mwingine alikataa kulitaja, ila alinitumia kadi yake moja. Naiweka humu, mwandiko utaujua kuliko mimi.

Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka yule mpiga gitaa aliyefukuzwa na marehemu baba kwa mkanda, na wewe ukaapishwa mbele ya sanamu ya Bikira usimsalimu tena. Nasikia Nicanor huyo hajaoa.

Nyumba ile ina wanawake wawili, dada. Daftari lako lina kila kitu isipokuwa jina lako.

Mdogo wako

Atempa, Alhamisi, 29 Agosti 1974

Mdogo wangu, hatujambo.

Mwandiko niliutambua kabla kadi haijatoka yote kwenye bahasha. Miaka kumi na tisa napitana naye kanisani kama nilivyoapa, nami nilidhani wimbo unamsema mkeo. Nimemwomba Griselda msamaha. Leo saa kumi kasoro alileta redio chumbani kwangu, akanipokonya kalamu. "Kaa, wifi. Leo usiandike, sikiliza."

Daftarini, ukurasa wa leo una tarehe tu.

Jumapili, baada ya misa, nitamsalimu Nicanor. Baba alipo atanisamehe, au hatanisamehe.

Dada yako