Viatu Vilivyobaki Nje ya Picha

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefuta lenzi mara tatu. Vumbi la Ikutha halina adabu. Basi liliniacha Kambu asubuhi, nikapanda pikipiki hadi kwa Mwaitu Kalunde, mdogo wake marehemu mama. Ndiye aliyenilea, ndiyo maana namwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mhariri wangu kule Oslo anataka picha moja tu: Mwaitu kwenye mto ule ule, miaka kumi baada ya picha yangu "Kiu". Hiyo "Kiu" ndiyo ilinivusha hadi Ulaya. Mwanamke peku, kichwa wazi, ameinamia shimo la mchanga. Tuzo, viza, kazi, nyumba yenye joto.
Mwaitu amenichinjia kuku. Sijamwambia kitu.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani. Ukutani kuna kalenda. Mwezi wa nane ni Mwaitu, ile ile "Kiu". Wageni wa ng'ambo walileta boksi zima la kalenda hizi, zawadi kwa kanisa. Chini ya picha imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hana maji wala msaada. Yeye, mwenyekiti wa akina mama! Alikaa chini ya kalenda kabisa, kitambaa cha kichwa kimenyooka, akaimba kuliko wote. Mimi niliangalia sakafu. Ni sakafu nzuri, ya saruji.

Jumatatu, 11 Agosti
Niandike ukweli, humu hakuna wa kunipigia makofi.
Siku ya "Kiu" Mwaitu alikuja mtoni na gauni la kanisa, viatu vyeusi, soksi, mkoba. Huku ukiitwa kupigwa picha, unaoga na kuvaa. Nilimwambia avue viatu na kitambaa. Nikamwambia asicheke. Viatu alivipanga pembeni, vikiangalia mto. Punda alikuwa nyuma, na mitungi minne imejaa. Vyote nilivikata baadaye kwenye kompyuta.
Aliniuliza, "Na ile picha ya kuvaa?" Nikasema mwanga umeisha. Haukuwa umeisha. Nilikuwa nimeshapata changu.
Kamera yenyewe alininunulia yeye. Aliuza mbuzi wawili mnadani.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemwomba Mwaitu picha ya pili. Nilianza na salamu ndefu, kama muuza dawa ya panya. Alikuwa anapepeta ndengu. Aliniacha nimalize.
"Watoto wa shule wananiita Mama Kiu," akasema. "Mimi! Na kisima changu kinanywesha nusu ya kijiji."
Akarusha ungo.
"Sasa nivue viatu tena? Ama safari hii nivue na meno?"
Kicheko kilinitoka. Yeye hakucheka. Masikio yangu yaliwaka. Niliomba msamaha kwa Kikamba, ambacho nimekisahau kiasi cha kutosha kuniaibisha mara ya pili. Akaendelea kupepeta.
Halafu: "Ijumaa naenda kupiga picha yangu. Kwa Mutua, studio ya sokoni. Wewe utanibebea viatu."

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemwandikia mhariri. Hakuna picha ya pili. Ya kwanza ilikuwa uongo. Nimemtumia ile nzima, na punda, na mitungi, na viatu.
Hajajibu. Huenda sina kazi. Naogopa, na naona aibu kwamba naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti
Viatu vizuri huku havikanyagi vumbi la njiani. Nilivibeba kwenye mfuko, yeye na ndala zake mbele. Alivivaa mlangoni pa studio.
Mutua nilijifunza naye kazi hii, sote bila mwalimu. Bado ana lile pazia la kupigia picha, lililochorwa ndege na bahari. Msumari wake mmoja umeng'oka. "Wewe wa Ulaya, shika hapa juu," akaniambia. Nikasimama nyuma ya pazia, mkono juu. Sikumwona Mwaitu. Nilimsikia Mutua tu: "Mama, cheka kidogo." Kisha nikamsikia Mwaitu akicheka.
Picha imetoka. Gauni la buluu, mkoba magotini, viatu vinang'aa. Kwenye kona ya juu kuna vidole vyangu vinne. Mutua alitaka kuvikata. Mwaitu akamwambia aviache.