Kisanduku Mahali pa Betri

Dada Mwajuma, shikamoo.

Huku Kilosa mvua haikatiki, na madukani hakuna betri. Redio ya mwenyeji wangu, Bi Tatu, ilikuwa bubu tangu mavuno. Nikamtengenezea kisanduku cha kugeuza umeme wa ukutani uwe kama wa betri. Transfoma nimeisuka na kuifumua hadi ikaenea palepale pa betri. Jana mchana nikawasha, akapiga kigelegele. Tukakuta matangazo ya vifo. Msomaji akasema arobaini ya Salumu wa Tabora itasomwa Ijumaa, habari zimfikie dada yake, Bi Tatu wa Magomeni, Kilosa.

Bi Tatu akaiinamia redio, akaiuliza, “Arobaini? Kwani amekufa lini?”

Dada, redio yako isinyamaze. Nakukumbuka mno.

Mdogo wako, Hamisi